Augustino wa Hippo: Mwafrika aliyeachana na wanajimu

Ukifika Mwanza utakuta chuo kikuu chenye jina lake, na parokia zinazomwita msimamizi wake ziko nyingi. Wengi wetu tunamjua kwa jina hilo tu, Mtakatifu Augustino. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuwa askofu alikuwa mteja wa wanajimu, tena mteja wa miaka mingi, aliyenunua vitabu vyao na kuvisoma mwenyewe.

Tumeamua kuandika maisha yake kwa sababu ya ujumbe mnaotutumia. Mmoja anaomba namba ya mtu wa kusafisha nyota kwa kuwa biashara haiendi. Mwingine anasema ndoa imevunjika kwa sababu yeye ni nyota ya moto na mumewe ni nyota ya maji. Katika kipindi dakika ni chache, na swali hili haliishi kwa dakika tatu. Augustino alilibeba kwa karibu miaka hamsini.

Alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354 huko Thagaste, mji mdogo wa milimani ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Wakati huo Afrika ya Kaskazini ilikuwa chini ya Dola la Roma. Baba yake, Patricius, alikuwa na shamba la kawaida na nafasi katika baraza la mji, na hakuwa Mkristo mpaka alipokaribia kufa. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa kusali na kulia. Hawakuwa maskini wa kutupwa, lakini ada ya shule iliwatoa jasho. Akiwa na miaka 16 alirudishwa nyumbani kutoka shule ya Madauros kwa sababu fedha zilikwisha, akakaa mwaka mzima bila kazi, akirandaranda na vijana wenzake usiku.

Ndipo walipoiba peasi za jirani. Walitikisa mti, wakabeba mzigo mzima, wakaonja kidogo na kuwatupia nguruwe zilizobaki. Kwao kulikuwa na peasi nzuri kuliko zile. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu, aliandika kurasa kadhaa juu ya wizi huo mdogo, na wasomaji wengine humcheka kwa hilo. Sisi tunaona alikuwa na sababu. Hakuiba kwa njaa, na ingawa anakiri kwamba peke yake asingekwenda, hawatupii wenzake lawama. Alikuwa anajiuliza kwa nini mtu hutenda ubaya huku akijua ni ubaya. Swali hilo lilimsumbua kuliko lolote, na kwa muda mrefu alilitafutia jibu ambalo lingemwacha yeye salama.

Tajiri mmoja wa Thagaste, Romanianus, alisaidia gharama, na Augustino akaenda Karthago, jiji kubwa la pwani karibu na Tunis ya leo. Baba akafariki katika miaka hiyo. Augustino akaanza kuishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus, jina lenye maana ya aliyetolewa na Mungu. Alikuwa na akili kali, akawa mwalimu wa ufasaha wa kusema, kazi iliyoheshimiwa mno zama zile, kwani aliyejua kusema ndiye aliyepata kesi, cheo na fedha.

Jibu la kwanza alilolipata kuhusu ubaya lilitoka kwa wafuasi wa Mani, mtu wa upande wa Uajemi aliyefundisha kwamba kuna nguvu mbili, ya nuru na ya giza, zinazopigana ndani ya kila mtu. Mtu akikosa, si yeye aliyekosa, ni ile asili ya giza iliyomo ndani yake. Augustino alikaa nao takriban miaka tisa, akiwa na daraja la chini lililoitwa msikilizaji. (Ndiyo, jina lilelile tunalowaiteni ninyi.) Baadaye aliandika bila kuficha kwamba fundisho hilo lilimpendeza kwa kuwa lilimwondolea lawama.

Jibu la pili lilitoka kwa wanajimu, na alilishika wakati huohuo.

Watu hawa hawakuitwa waganga. Waliitwa kwa jina la wanahisabati, kwa sababu walifanya kazi kwa hesabu. Walichukua saa ya kuzaliwa kwa mtu, wakatazama katika majedwali yao Zuhura, Mirihi, Zohali na sayari nyingine zilikuwa katika buruji ipi saa ile, kisha wakamweleza mteja tabia yake na mambo yatakayomfika. Hapakuwa na damu wala kuku mweusi. Ndiyo maana msomi kama Augustino aliwaamini. Kuna siku alitaka kuingia katika shindano la mashairi jukwaani, akajiwa na mchawi aliyeuliza atalipwa kiasi gani ili amhakikishie ushindi, na kazi hiyo ingehitaji kuchinja wanyama kwa mapepo. Augustino alimfukuza, akimwambia kwamba hata kama taji lingekuwa la dhahabu isiyoharibika, hataki nzi mmoja afe kwa ajili ya ushindi wake. Lakini kwa wanajimu aliendelea kwenda, kwani wao hawakuchinja wala kuomba pepo. Tofauti hiyo tunaisikia mpaka leo: mtu anakuambia yeye haendi kwa mganga, anasoma nyota yake tu kwenye simu.

Taji katika shindano kama hilo alilipata. Aliyemvika kichwani alikuwa gavana wa Afrika, mzee Vindicianus, ambaye pia alikuwa tabibu mashuhuri. Wakazoeana. Mzee alipogundua kwamba kijana huyu anapoteza muda na vitabu vya nyota, alimwambia kwa upole avitupe. Yeye mwenyewe, katika ujana, aliisoma kazi ile kwa nia ya kuifanya iwe riziki, na aliyeweza kumwelewa Hippocrates angeshindwaje na majedwali ya nyota? Aliiacha akaenda kwenye utabibu kwa sababu moja: aliona ni ya uongo, na hakutaka kula kwa kudanganya watu. Augustino akauliza kwa nini basi mengi wanayosema hutokea. Mzee akajibu kwamba ni bahati. Mtu akifungua kitabu cha mshairi popote tu, mara nyingine atakuta mstari unaofanana ajabu na shida yake, ingawa mshairi hakuwa na habari naye.

Rafiki yake kijana, Nebridius, naye aliucheka unajimu waziwazi. Augustino hakuwasikia. Alitaka ushahidi wa wazi, usio na shaka.

Ushahidi ulianza kujijenga taratibu. Wafuasi wa Mani walikuwa na hadithi zao kuhusu jua na mwezi, na Augustino alizilinganisha na vitabu vya wataalamu wa falaki. Wataalamu walitaja miaka kabla siku na saa ya kupatwa kwa jua au mwezi, na ikawa hivyo. Hadithi za Mani hazikulingana na hesabu hizo. Aliambiwa amsubiri mkuu wao aitwaye Faustus, angemjibu yote. Faustus alipokuja Karthago alikuwa mcheshi na msemaji mtamu, lakini hakuwa na jibu, na alikiri kwa uaminifu kwamba hana. Hapa tuweke alama, kwa sababu watu huchanganya. Kupima mwendo wa jua, mwezi na nyota ni elimu, na Augustino hakuipinga hata siku moja. Alichokuja kukipinga ni madai kwamba mwendo huo unaamua nani ataiba na nani atakuwa mwaminifu.

Mwaka 383 alisafiri kwenda Roma, akimdanganya mama yake bandarini ili asimfuate. Mwaka uliofuata akapata kazi ya serikali Milano, kufundisha ufasaha. Huko alimkuta Askofu Ambrosi, ambaye mahubiri yake alianza kuyasikiliza kwa ajili ya lugha, kisha akajikuta anayasikiliza kwa ajili ya maneno yenyewe.

Na huko alikuja mtu aitwaye Firminus, mwenye elimu na mali, akitaka Augustino amtazamie nyota kuhusu mambo aliyotarajia kuyapata. Augustino alikuwa tayari anasitasita, lakini hakukataa kusema mawili matatu. Katika mazungumzo Firminus akasimulia habari ya kwao. Baba yake na rafiki ya baba walikuwa wapenzi wakubwa wa nyota, kiasi kwamba hata wanyama wa nyumbani walipozaa waliandika saa na kutazama anga. Mama yake alipokuwa na mimba ya Firminus, mtumwa mmoja wa kike katika nyumba ya yule rafiki naye alikuwa mjamzito. Wazee wale wakaweka watu tayari kila nyumba, mtoto akizaliwa tu mjumbe akimbie kupeleka habari. Wajumbe wakaondoka, wakakutana katikati ya njia, umbali sawa kutoka kila nyumba. Watoto walizaliwa saa ileile, na hati zao za nyota hazikuweza kutofautiana hata kidogo. Firminus alikulia katika utajiri, akapanda vyeo. Yule mwingine alibaki mtumwa, akiwatumikia mabwana zake. Firminus alimfahamu.

Habari hii ndiyo iliyomaliza ubishi. Augustino alifikiri hivi: kama ningeletewa hati hizi mbili nizisome, ili niseme kweli ningelazimika kumwambia mmoja utajiri na mwingine utumwa, na hati ni ileile. Nikisema lilelile kwa wote wawili, kwa mmoja nitakuwa mwongo. Kwa hiyo anayepatia hapatii kwa elimu. Anabahatisha.

Akaenda mbele mpaka kwa mapacha, hasa Esau na Yakobo wa kitabu cha Mwanzo, waliozaliwa mmoja ameshika kisigino cha mwenzake, na maisha yao yakaachana kama usiku na mchana.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba kuanzia siku hiyo alikuwa mtu mpya. Hapana. Katika muda huohuo alifanya jambo ambalo sisi tunaliona baya kuliko yote katika maisha yake. Ili apande cheo alihitaji ndoa ya kitajiri, na Monika alisaidia kuipanga. Yule mwanamke aliyeishi naye takriban miaka kumi na mitano alirudishwa Afrika, mtoto akabaki na baba. Mama huyo aliondoka akiweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine. Augustino, ambaye alipaswa kumsubiri mchumba wake miaka miwili kwa kuwa alikuwa bado mdogo, hakuweza kusubiri, akachukua mwanamke mwingine. Jina la mama wa Adeodatus hakuliandika popote. Lakini aliandika kwamba alikuwa dhaifu kuliko mwanamke yule, na kwamba kosa lilikuwa lake. Nyota hazikutajwa, wala giza la Mani. Kwa mtu aliyekuwa na visingizio viwili vizuri mfukoni kwa miaka tisa, hilo si jambo dogo.

Agosti 386, katika bustani moja ya Milano, mapambano yake yalifika mwisho. Alisikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikirudiarudia kwamba achukue asome, akafungua barua za Paulo, akakuta maneno ya kuacha ulafi na uasherati. Mtu atauliza kama huko nako si kupiga ramli kwa Biblia, na swali ni halali. Yeye mwenyewe, alipokuwa askofu, aliandika kwamba hapendi kuona watu wakifungua Injili kuagulia biashara zao na mambo ya dunia, ingawa ni afadhali hivyo kuliko kukimbilia mapepo. Usiku wa Pasaka mwaka 387 alibatizwa na Ambrosi, pamoja na Adeodatus na rafiki yake Alypius. Monika alifariki mwaka huohuo katika bandari ya Ostia. Adeodatus naye alifariki miaka michache baadaye, kijana wa miaka kama kumi na saba.

Alirudi Afrika mwaka 388. Mwaka 391 alikwenda Hippo, mji wa bandari ambao leo ni Annaba, na waumini wakamshika kanisani, wakamtaka awe padri wao. Alilia. Miaka michache baadaye akawa askofu, na hapo alibaki mpaka kufa, akiamua kesi za mashamba asubuhi, akihubiri, akiandika usiku.

Katika kitabu chake kikubwa kiitwacho Mji wa Mungu, alichokianza mwaka 413 baada ya Roma kutekwa, alirudi kwa wanajimu kwa nguvu zote. Wao walikuwa na jibu kuhusu mapacha. Mtaalamu mmoja wa kale, Nigidius, alipata jina la utani la Mfinyanzi kwa sababu alizungusha gurudumu la kufinyangia, akaligusa na wino mara mbili haraka sana. Liliposimama, alama mbili zilikuwa mbali mbali. Ndivyo anga linavyokimbia, alidai, hata kati ya pacha na pacha. Augustino akauliza: ikiwa tofauti ndogo hivyo inabadili maisha yote, basi nani kati ya wateja wenu anaijua saa yake ya kuzaliwa kwa usahihi huo? Kwa nini mnawatoza fedha?

Aliwataja pia mapacha aliowajua, mwanamume na mwanamke. Kaka alikuwa afisa wa serikali, karibu kila siku safarini, baba wa watoto wengi. Dada alikuwa bikira aliyejiweka wakfu, ambaye hakutoka katika ardhi ya kwao.

Kwa mkulima anayetafutiwa siku nzuri ya kupanda alikuwa na swali ambalo lingeweza kuulizwa katika shamba lolote la mahindi leo. Mbegu nyingi huingia ardhini siku moja, huota pamoja, hukua pamoja. Kisha nyingine zinaliwa na kutu, nyingine na ndege, nyingine zinang'olewa na watu. Je, kila punje ilikuwa na nyota yake? Hata hivyo alikuwa mwangalifu. Alikubali kwamba jua linaleta majira, na kwamba mwezi unapokua na kupungua chaza nao hunenepa na kukonda, na bahari hujaa na kupwa. Mvuvi anayengoja bamvua hakosei. Lakini maji kujaa ni kitu kimoja na mtu kuamua kumpiga mkewe ni kitu kingine.

Mfano huo wa mke si wetu. Ni wake, na waumini lazima walicheka. Katika mahubiri alimweleza mnajimu anayeuza maneno mchana kutwa, akiwaambia wazinzi kwamba Zuhura ndiye aliyezini na wauaji kwamba Mirihi ndiye aliyeua. Jioni anarudi nyumbani, anamwona mkewe akichungulia dirishani kwa namna asiyoipenda, anaanza kumpiga. Mke angeweza kumwambia ampige Zuhura kama anamweza, asimpige yeye. Kwa Augustino jambo hili lilikuwa zito kuliko kicheko chake: anayesema nyota imemtuma kukosa anamlaumu Muumba wa nyota, na mgonjwa asiyekubali kwamba anaumwa hawezi kuomba dawa.

Siku nyingine, mwisho wa mahubiri juu ya zaburi, aliwaonyesha waumini mtu aliyesimama kati yao. Alikuwa Mkristo aliyegeuka mnajimu, akala fedha za watu kwa uongo kwa miaka, na sasa anarudi akitubu, vitabu vyake mkononi ili vichomwe. Augustino hakumtukana. Aliwaomba wamtazame vizuri, wamjue sura, wamchunge, wamlinde asirudi, na waseme wanayoyaona kwake. Alikuwa amebisha hodi muda mrefu kabla ya kupokelewa, maana kanisa lilitaka kuhakikisha kwanza.

Na nyota ya mamajusi, iliyoandikwa na Mathayo? Wanajimu waliitumia kujitetea, kama wanavyoitumia sasa. Jibu lake ni kwamba nyota ile haikumwamulia Kristo chochote. Ilitokea kwa sababu yeye amezaliwa, ikamtumikia.

Uzeeni alishtakiwa kwa kosa lilelile alilolipinga. Alifundisha kwa mkazo kwamba mtu hawezi kufanya mema bila neema ya Mungu, na wapinzani wake wakasema ameirudisha bahati ya nyota kwa jina jipya. Aliukataa usemi huo: kwake neema inaponya utashi wa mtu ili utende, haiuondoi. Je, aliwajibu kikamilifu? Wakristo wanabishana juu ya hilo hata leo, na sisi hatudhani kwamba ubishi huo umekwisha.

Kati ya mwaka 426 na 427 alikaa chini akapitia vitabu vyake kimoja kimoja, akiandika alipokosea. Ni waandishi wachache waliowahi kufanya hivyo.

Mwaka 430 jeshi la Wavandali liliuzingira mji wa Hippo. Augustino alishikwa na homa akiwa na miaka 75. Aliagiza zaburi za toba za Daudi ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akazisoma akilia. Hakuacha wasia, kwa kuwa hakuwa na mali ya kurithisha, isipokuwa aliagiza vitabu vya kanisa vitunzwe. Siku kama kumi za mwisho aliomba asiingie mtu chumbani, ila matabibu walipokuja kumtazama na chakula kilipoletwa. Alifariki tarehe 28 Agosti, mji ukiwa bado umezingirwa.